Madrasa, shule ya kanisa au shule isiyo na dini: mtoto atajifunzia wapi utu?

Januari hii, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, familia yetu ilikaa kikao hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa ajili ya mtoto mmoja wa miaka saba. Mtoto ni wangu. Mama mkwe wangu, Hajati, anataka mjukuu aingie shule ya Kiislamu yenye madrasa ndani, alikopita baba yake. Baba yangu, mzee wa kanisa la Anglikana, anataka shule iliyoasisiwa na kanisa, nilikosoma mimi. Ndoa yetu ni ya mseto, na kwa miaka tisa tulifaulu kulikwepa swali hili kwa kula Idi na Krismasi bila kubagua sahani. Shemeji yangu, mwalimu wa sayansi asiyekanyaga msikiti wala kanisa, akasema: kwa nini msimpeleke kule wasikofundisha dini kabisa, akatenda wema kwa kuwa ni wema?

Hajati alimtazama mwanawe huyo, akauliza, "Na huko atamwogopa nani?"

Swali hilo nimelibeba mwezi mzima, sokoni na ndani ya taksi ya kwenda Mpondwe, mpakani na Kongo, kufuata vitenge. Najua nyumba kadhaa zenye mzozo kama wetu, ndiyo maana nimeona niandike jinsi nilivyozipima njia hizi. Sina elimu ya theolojia wala ya falsafa. Nina mtoto, nina ada ya kulipa, na nina macho.

Maswali mawili ndani ya kanzu moja

Mtu akiuliza kama tunahitaji dini ili tuwe na maadili, mara nyingi anauliza mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza: je, asiye na dini anaweza kuwa mwema? Hili halinichukui muda. Anaweza, na vitabu vyenyewe vinakiri. Paulo anawaandikia Warumi, sura ya 2, kwamba watu wa mataifa wasio na torati hutenda yaliyo ya torati kwa tabia yao, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Surat Ash-Shams inaapa kwa nafsi iliyojulishwa uovu wake na wema wake. Wanazuoni wa Kiislamu wa zamani walilibishania jambo hili kwa ukali: Mu'tazila wakisema akili inaweza kutambua lililo jema hata kabla ya ufunuo, Ash'ari wakisema jema ni lile aliloliamrisha Mungu. Ubishi ule ni mtamu ukiusoma, lakini sijamsikia sheikh hata mmoja wa hapa Kasese akidai kwamba asiye Mwislamu hawezi kulipa deni lake.

La pili ndilo gumu: dini inafanya kazi gani katika mwenendo wa mtu, ambayo ukiiondoa, sharti ifanywe na kitu kingine? Hapo ndipo nilipotumia muda wangu, na hapo ndipo shemeji na Hajati walipokuwa wakipigana bila kukutana.

Upande wa dini

Dini inakuja na vifaa vyake. Ina siku yake ya wiki, ina mwezi wake wa mfungo, ina hesabu yake: zaka ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, fungu la kumi linajulikana. Mtoto hahitaji kubuni mwenyewe namna ya kuomba msamaha, au kukumbuka maskini, au kuzika. Anakuta njia imeshakanyagwa.

Ila kwa maoni yangu kifaa kikubwa kuliko vyote ni watu. Nilipokuwa kidato cha pili nilikosa kanisa Jumapili mbili mfululizo. Mama mmoja wa kwaya alikuja mpaka mlangoni kwetu kuuliza nina nini. Nilimchukia mwezi mzima. Nilikuwa nimeanza kutembea na kundi la wasichana ambao baadaye wawili wao walipata shida kubwa, na yeye alikuwa ameona pengo langu kwenye benchi kabla mama yangu mzazi hajaona.

Kuulizwa huko hakuishii kwa watoto. Historia ya Uganda ina wafalme waliokuwa hawaulizwi na mtu, wakaulizwa na dini. Inasimuliwa kwamba mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alisimama mbele ya Kabaka Suuna wa Buganda, mtu aliyeua raia zake kwa neno moja, akamwambia hao anaowaua wameumbwa na Mungu na si halali yake kuwaua ovyo. Wakuu wa baraza walikuwa hawajathubutu. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari mwaka huo, na leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Mwislamu alimuuliza Kabaka, askofu akamuuliza rais Mwislamu. Sijui kitu kingine katika nchi hii ambacho kingewapa watu hao wawili miguu ya kusimama.

Sasa upande wa pili wa shilingi hiyohiyo, maana ulinganisho unaosifu tu ni tangazo.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) walivamia shule ya wasichana ya St Mary's, Aboke, kaskazini mwa nchi, wakachukua wasichana 139. Kiongozi wao, Joseph Kony, alikuwa akisema anataka Uganda itawaliwe kwa Amri Kumi. Naibu mkuu wa shule, mtawa Mwitaliano Sista Rachele Fassera, aliingia porini na mwalimu mmoja mwanamume, John Bosco Ocen, wakafuata nyayo mpaka wakawafikia. Aliomba, akabembeleza, akapiga magoti. Akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki. Kila nikiifikiria siku ile nakwama palepale: Amri Kumi zilikuwa pande zote mbili za kichaka. Zilimpeleka mwanamke mmoja mpaka kwenye mtutu wa bunduki kudai watoto wa watu, na mwenye kuwateka alikuwa na hizohizo mdomoni. Basi kuwa na Kitabu peke yake hakutoshi kutabiri mtu atafanya nini.

Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya nyumba ya ibada huko Kanungu, kusini-magharibi. Kundi lao lilijiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Jambo moja la Kanungu halinitoki akilini: waumini wale waliishi kwa ukimya, wakiwasiliana kwa ishara, wasije wakatenda dhambi kwa ulimi. Fikiria mahali ambapo kiongozi anatabiri siku ya mwisho, siku inapita, na hakuna anayeruhusiwa kufungua kinywa kuuliza imekuwaje.

Na huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Usiku wa 16 Juni 2023 ADF, kundi la waasi lililoanza kwa jina la Uislamu, liliua watu zaidi ya 40 huko Mpondwe, wengi wao wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha waliokuwa bwenini. Mimi nanunua vitenge mji huohuo. Hajati alifunga saumu siku tatu, na nilimsikia akiwaambia wajukuu kwamba wauaji wale hawana dini. Shemeji alitaka kumjibu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nadhani wote wawili walikuwa na haki: wale watu walikuwa na dini, ila hawakuwa na yeyote ndani yake wa kuwaambia acheni.

Upande usio na dini

Wengi hapa nchini wanaposikia "shule isiyo na dini" wanadhani ni kitu cha Ulaya. Zipo Uganda. Kasese Humanist School ilianzishwa mwaka 2011 hapahapa kwetu, chini ya milima ya Rwenzori; zipo na nyingine zenye mwelekeo huo, Isaac Newton huko Masaka na Mustard Seed kule Busota, Kamuli. Haziwafukuzi watoto wa waumini. Wengi wanaosoma humo wametoka nyumba za Kikristo na Kiislamu. Tofauti ni kwamba mtoto akiuliza kwa nini kuiba ni vibaya, jibu haliishii kwenye "imeandikwa". Anaambiwa amtazame aliyeibiwa.

Hilo nalipenda, nakiri. Maadili yanayojua sababu yake hayavunjiki mtoto anapokutana chuoni na mtu mwenye maneno matamu. Kijana aliyefundishwa kwamba wizi ni haramu basi, siku akianza kutilia shaka mambo mengine ya dini, ataitupa na haramu yenyewe pamoja na hayo mengine. Nimewaona.

Kuna na hoja ambayo shemeji huitoa kila sikukuu. Mwaka 2023 kipimo cha rushwa cha Transparency International kiliipa Denmark alama 90 kati ya 100 (100 ndiyo safi kabisa), nchi ambayo makanisa yake Jumapili ni matupu. Uganda ilipata 26. Sensa yetu ya 2014 ilikuta wasio na dini ni asilimia 0.2 tu, kauli mbiu ya taifa letu inaanza na Mungu, wimbo wa taifa unaanza na kumwomba Mungu. Na mwaka huohuo wa 2023 mabati ya maskini wa Karamoja yalikutwa kwa wakubwa. "Wote wale wanasali," husema shemeji.

Ni kweli wanasali. Lakini hoja yake inachechemea mguu mmoja. Wadenmark hawakuacha rushwa siku walipoacha kanisa. Wana mahakama, wakaguzi wa hesabu na mishahara inayotosha, na kanisa lao la Kilutheri liliwalea kwa karne kadhaa kabla halijabaki tupu. Tena Albania chini ya Enver Hoxha ilijitangaza mwaka 1967 kuwa nchi isiyo na Mungu, ikafunga misikiti na makanisa yote, na watu wake hawakuwa huru wala salama. Hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza Hoxha pia.

Udhaifu halisi wa njia hii niliuona mahali pengine. Shemeji alilazwa wiki tatu mwaka juzi. Waliokuja kumtazama ni wanawake wa msikiti wa mama yake, wakiwa na uji, na watu wa kanisa la baba yangu, wakiwa na pesa ndani ya bahasha. Marafiki zake wasio na dini, ambao ni watu wazuri na wengine nawafahamu, walituma ujumbe wa simu. Sio kwamba hawampendi. Hawana zamu. Hawana siku ya wiki ambapo mtu anaweza kusimama akatangaza kwamba mwenzetu yuko hospitali. Ukichagua kumlea mtoto bila dini hapa Uganda, jua kwamba vifaa hivyo utavitengeneza kwa mikono yako, na ni kazi.

Jambo dogo la kiutawala: hata shule isiyo na dini haikwepi PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao karatasi yake ya maarifa ya jamii ina maswali ya dini, na mtahiniwa anachagua ajibu ya Kikristo au ya Kiislamu. Safu ya tatu haipo. Uliza shule inawaandaaje.

Mila

Baba yangu aliongeza njia ya nne kikaoni: mtoto aende kijijini kwa wazee akafunzwe mambo ya Kikonzo, kabila letu. Tulilipita haraka, na hapa pia nitalipita. Mila zetu zina utu mwingi, lakini asikudanganye mtu kwamba ni maadili bila dini. Wazee wetu walimjua Nyamuhanga muumba na Kitasamba wa theluji kabla ya meli yoyote kuleta Kitabu. Na mila inafanya kazi pale ambapo shangazi yuko nyumba ya tatu. Sisi tumepanga mjini.

Sanduku lenye kufuli tatu

Niko kwenye kikundi cha akiba cha wanawake wa sokoni. Tuna Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, walokole watatu wenye sauti kubwa. Tunaanza kwa sala, zamu kwa zamu. Kisha tunafungua sanduku la chuma, ambalo kama masanduku mengi ya vikundi hivi lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na kila mmoja anakariri salio kabla hatujafunga.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kikundi cha waumini wa kanisa moja, ambalo sitalitaja. Kufuli ilikuwa moja. Walisema kati ya watu waliookoka kufuli tatu ni matusi. Mweka hazina alikuwa ndiye anayesali kwa muda mrefu kuliko wote, na aliondoka na akiba yetu ya miezi kumi na moja.

Kwa hiyo nilimwendea Hajati jioni moja, akichambua mchele, nikamwambia jibu la swali lake ni kwamba kuogopa hakutoshi. Yule mweka hazina alikuwa akilia machozi akimtaja Mungu. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Mwanangu, kumwogopa simba na kuogopa kumvunjia mama yako heshima ni hofu mbili. Simba akiondoka, hofu inaondoka naye. Hiyo ya pili unalala nayo." Halafu akasema yule mwanamke alikuwa na ile ya kwanza tu, na simba alikuwa safarini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba yeye na mwanawe wanatafuta kitu kimoja. Shemeji anataka mtoto ajiulize mwenyewe. Hajati anataka mtoto ajue anaulizwa. Ninachotafuta mimi, ninapolinganisha shule, ni nani atakayemuuliza mwanangu, na kama mwanangu naye ataruhusiwa kuuliza.

Jinsi ya kuchagua, kwa nyumba yako

Kama nyumba yenu inasali, na mnasali kweli, shule ya dini yenu ndiyo rahisi. Mtoto atasikia neno moja nyumbani na shuleni. Hatari yake ni shule inayotumia Mungu kama askari. Nenda saa ya mapumziko, si siku ya sherehe. Tazama mwalimu anamfanya nini mtoto aliyeuliza swali la kipumbavu juu ya malaika. Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016 ikakataza viboko shuleni. Mahali panapochapa watoto kwa kukosea aya panafundisha simba, basi.

Kama hamsali, msimpeleke mtoto shule ya dini kwa unafiki wa "angalau apate maadili". Watoto wananusa. Mtoto anayeona baba anamtuma msikitini huku yeye amelala anajifunza somo, ila si lile mlilolipia. Nyumba kama hiyo itafaidika na shule isiyo na dini, kwa sharti kwamba mmetafuta watu: kikundi, timu, majirani, wazee wawili watatu wanaoweza kumgombeza mwanenu bila ninyi kununa.

Kama mmehamia mji msio na ndugu, mimi ningepima dini mara mbili kabla ya kuiacha, hata kama imani yenu ni ya vuguvugu. Upweke wa mjini unaharibu watoto wengi kuliko shaka.

Na kama nyumba ni ya mseto kama yetu, msimgawe mtoto kama shamba la urithi. Sisi tuliamua hivi. Anakwenda shule ya kanisa, na sababu yake ni ya kawaida mno: anafika kwa miguu, na siku niliyokwenda kuitazama nilimkuta mwalimu akimwomba mtoto radhi kwa kumsingizia kosa. Hilo sikuliona katika shule nyingine mbili nilizotembelea. Jumamosi anakwenda kwa Hajati, anasoma juzuu ya Amma, anakula mandazi. Jumapili jioni ni zamu ya shemeji. Wanakaa barazani na mezani pana karanga, anamuuliza mambo mawili: wiki hii umemkosea nani, na umemwambia nini. Kisha mtoto anamuuliza yeye yaleyale. Jumapili iliyopita shemeji alinyamaza kidogo, akaomba simu yangu, akampigia mama yake.